Kupata laptopu ya vipimo vyako ukiwa Uganda: wapi pa kununua, kipi cha kuagiza, kipi cha kumwachia fundi

Ingia duka la kompyuta Kampala Road, sema unataka laptopu yenye prosesa hii (chipu kuu ya mashine), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) kiasi hiki na kioo cha namna ile. Muuzaji atakusikiliza kwa adabu, kisha atakuonyesha zilizopo kwenye rafu. Biashara ya hapa ndivyo ilivyo: muagizaji analeta aina chache zinazotoka haraka, nyingi zikiwa na RAM ya GB 8 na diski ya GB 256 au 512, na mteja anachagua humo. Ule mtindo wa kuunda mashine kwa oda ya mtu mmoja mmoja, ambao Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni ya Dell, alianza nao mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Texas, una raha yake ukiishi karibu na maghala ya kampuni. Wengi wa wauzaji wa mtindo huo hawaleti mzigo Uganda.

Hata hivyo laptopu ya vipimo vyako inapatikana, na mara nyingi bila kuagiza chochote ng'ambo. Cha msingi ni kujua kipi ndani yake kinaweza kubadilishwa baadaye na kipi hakibadiliki milele. Kinachobadilika, kifanyie hapa mjini. Kisichobadilika ndicho cha kutafuta hata kikiwa mbali, na ndicho cha kulipia zaidi.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya jina

Wengi huanza na jina: nataka ThinkPad, nataka MacBook. Anza na kazi. Mwanafunzi wa Kansanga anayeandika ripoti, anayefungua kurasa ishirini za intaneti kwa mpigo na kuhudhuria vipindi kwa Zoom, RAM ya GB 16 itamtosha. GB 8 itambana. Anayehariri video za kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba) na harusi katika 4K, yaani picha ya pikseli nyingi sana, aanzie GB 32, na awe na kadi ya michoro (chipu ya kushughulikia picha) inayojitegemea. Mwandishi wa programu anayeendesha mashine pepe mbili tatu, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, anahitaji RAM kuliko kadi ya michoro. Mhasibu anayeshinda kwenye Excel hahitaji vyote hivyo. Pesa yake aiweke kwenye kioo kizuri na kibodi yenye namba pembeni.

Ukishaandika kazi, ongeza mambo ya mahali tulipo. Umeme hukatika, kwa hiyo betri si pambo. Laptopu inayochaji kwa USB-C ina faida kubwa hapa: wati 65 unaweza kuzipata kutoka pawabenki nzuri, au ukaazima chaja ya mwenzako kazini, wakati yenye pini ya duara ya kampuni moja inakufungia kwenye chaja moja. Kioo kiwe cha pikseli 1920 kwa 1080 au zaidi, cha aina ya IPS, ambacho rangi hazififii ukikitazama kwa pembeni. Vile vya 1366 kwa 768 bado vinauzwa kwa wingi na havifai kwa anayefanya kazi ya siku nzima. Kama hufanyia kazi barazani au mgahawani, tafuta mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao wa kioo) 300 kwenda juu.

Kibodi nayo isisahaulike. Mashine nyingi zilizotumika hutoka Ulaya. Za Ujerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Za Ufaransa zina mpangilio wa AZERTY. Mfanyabiashara wa Kongo aliyezoea AZERTY atashangilia, ila wewe uliyezoea ya Kiingereza utaandika "qsqnte" ukitaka kusema asante.

Hatua ya pili: tenga kinachobadilika na kisichobadilika

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana ukikosea hapa hakuna duka litakalokuokoa.

Prosesa haibadiliki. Karibu laptopu zote za miaka ya karibuni prosesa imechomelewa kwenye mathabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Kadi ya michoro ni hivyo hivyo kwa zilizo nyingi. Kioo fundi anaweza kukibadilisha, ila kutoka cha kawaida kwenda cha mguso au cha pikseli nyingi zaidi mara nyingi kunadai waya tofauti na wakati mwingine kifuniko kizima, basi kihesabu kuwa hakibadiliki.

Diski hubadilika kwa karibu zote zinazotumia Windows. Betri hubadilika. Kibodi pia. RAM ndiyo yenye utata: kwenye mashine nene kiasi huwa ni vipande vya SODIMM vinavyochomekwa na kuchomolewa, lakini kwenye nyembamba imechomelewa. Zipo pia za nusu kwa nusu, yaani kiasi kimechomelewa na kuna sloti (nafasi ya kuchomekea) moja ya kuongezea.

Mifano ambayo utakutana nayo sana mjini: ThinkPad T480 ya Lenovo ya 2018 ina sloti mbili za RAM. Latitude 7490 ya Dell na EliteBook 840 G5 ya HP, za wakati uleule, nazo zina mbili. T490 iliyofuata ina RAM iliyochomelewa na sloti moja tu. X1 Carbon, ile nyembamba inayopendwa na mabosi, RAM yake yote imechomelewa. Iliyozaliwa na GB 8 itakufa na GB 8. Kwa Apple mambo ni makali zaidi. Tangu chipu ya M1 ya mwaka 2020, kumbukumbu (RAM) imo ndani ya kifurushi kimoja na chipu. Chukua kiasi utakachohitaji kwa miaka yote utakayokaa nayo.

Namna ya kujua bila kubahatisha: kwa Lenovo kuna tovuti yao iitwayo PSREF, inayoeleza kila modeli ina sloti ngapi na kipi kimechomelewa. Dell na HP hutoa miongozo ya mafundi kwa PDF. Andika jina kamili la modeli na maneno "service manual" kwenye Google. Ukiwa dukani na mashine imewashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya Performance kisha Memory. Pale kwenye "Form factor" pakisema SODIMM, ni vipande vya kuchomoa. Pakisema "Row of chips", imechomelewa. Hiyo peke yake inamaliza ubishi wote wa kaunta.

Unaponunua vipande vya RAM, angalia kizazi. DDR4 haiingii kwenye sloti ya DDR5, wala kinyume chake. Vipande viwili vya ukubwa sawa hufanya kazi haraka kuliko kimoja kikubwa, hasa kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro yake. SSD (diski za chipu, zisizo na sehemu inayozunguka) za M.2, yaani za umbo la kipande chembamba cha kuchomeka, zina urefu tofauti: 2280 ni upana wa milimita 22 kwa urefu wa 80, na 2242 ni fupi zaidi. Kuna za NVMe na za SATA, njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na mashine, na zinafanana kwa macho, kwa hiyo nenda dukani na jina la modeli mkononi. Jambo jingine: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM duniani imepanda sana kwa sababu watengenezaji wanaelekeza uzalishaji kwenye seva za akili unde. Ile hesabu ya zamani ya kununua mashine ya GB 8 kisha kuongeza kwa bei ya kutupa imebadilika. Ulizia bei ya RAM kwanza, ndipo ulinganishe na mashine inayokuja na GB 16 tayari.

Hatua ya tatu: chagua njia

Njia ninayoipendekeza kwa walio wengi ni mashine ya ofisi iliyotumika Ulaya, ile ambayo mjini inaitwa "UK used", kisha kuivalisha vipimo vyako hapahapa. Zinapatikana kwa wingi katikati ya Kampala: arkedi za William Street na Luwum Street, maduka ya Kampala Road, na upande wa Wandegeya kwenye Bombo Road ambako wateja wakubwa ni wanafunzi wa Makerere. Hizi ziliundwa kwa ajili ya mashirika, zina vyuma imara, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida na vipuri vyake vimejaa. Unachagua prosesa na kioo kutoka kwenye rundo, halafu muuzaji au fundi wake anaweka RAM na SSD unayotaka ukiwa umesimama pale.

Sharti moja lisivunjwe: prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha nane au zaidi. Windows 10 iliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi hicho. Jina la prosesa linakuambia: i5-8350U ni ya nane, i5-7300U ni ya saba. Muuzaji atakwambia ya saba "inaingia Windows 11 vizuri tu". Inaingia kwa ujanja, na Microsoft haiitambui. Kama unatumia Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, hilo halikuhusu na unaweza kupata bei nzuri sana kwenye hizo za saba ambazo wengine wanazikimbia.

Muulize muuzaji kwa uwazi: "Kaka, RAM inatoka au imechomelewa? Ukiniwekea 16 na SSD ya terabaiti moja, za zamani unanirudishia au unanikata kwenye bei?" Swali hilo la pili hupunguza bei kuliko kubembeleza.

Njia ya pili ni mashine mpya kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa. Baadhi yao wako katikati ya mji, na maduka ya vifaa vya hadhi hiyo utayakuta pia kwenye majengo kama Oasis Mall, Garden City na Acacia Mall kule Kisementi. Wasichokisema mpaka uulize ni kwamba wakala anaweza kukuagizia usanidi (mpangilio wa vipimo) usio kwenye rafu. Mpe namba kamili ya modeli na siyo jina la biashara tu. "ThinkPad T14" ni familia nzima, wakati namba hiyo kamili inataja prosesa, RAM, kioo na kibodi. Utalipa amana, utasubiri wiki kadhaa, lakini dhamana itakuwa inatambulika hapa. Kwa ofisi, shule au shirika linalonunua kumi na zaidi, sioni sababu ya kupita njia nyingine.

Njia ya tatu ni kuagiza mwenyewe nje. Tovuti za Lenovo, Dell na HP za Marekani na Uingereza zina ukurasa wa kuchagua kila kipengele, lakini hupeleka ndani ya nchi husika tu, kwa hiyo unahitaji anwani ya wakala wa usafirishaji kule. Zipo pia kampuni zinazoishi kwa usanidi wa mteja: PCSpecialist ya Uingereza, Schenker na Tuxedo za Ujerumani, hii ya mwisho ikiwa ya watu wa Linux. Framework ya Marekani, iliyotoa laptopu yake ya kwanza 2021, imeenda mbali zaidi: karibu kila kitu, hadi mathabodi na milango ya pembeni, mwenye mashine anabadilisha mwenyewe. Kwa roho yangu hiyo ndiyo laptopu inayoifaa nchi kama yetu, na inasikitisha kwamba haiuzwi moja kwa moja hapa. Anayeitaka humtegemea ndugu aliye nchi wanakouza.

Na ndugu ndiye njia ya nne. Shangazi anayerudi kutoka London au kaka aliye Toronto anaweza kununua kwa usanidi wako na kuja nayo mkononi. Laptopu isafiri kwenye begi la kuingia nalo ndani ya ndege. Betri isiyozidi watt-saa 100 haihitaji ruhusa ya shirika, kati ya 100 na 160 inahitaji. Tuma mapema orodha ya vipimo iliyoandikwa, pamoja na kibodi unayotaka, kwa sababu shangazi akifika dukani ataambiwa "hii ndiyo nzuri" na atanunua hiyo.

Walio Arua, Gulu au Mbarara: hakuna ubaya kununua Kampala na kutumiwa kwa basi, mradi mtu unayemwamini aikague kabla haijafungwa kwenye boksi.

Hatua ya nne: piga hesabu kamili

Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kompyuta ni asilimia 0, na hapo ndipo wengi huishia kusoma. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya kawaida Uganda ni asilimia 18, na kodi ya zuio (withholding tax) kwa bidhaa zinazoingizwa ni asilimia 6 kwa asiye na msamaha wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Zote hukokotolewa kwa kuhesabu bei, usafiri na bima kwa pamoja.

Tuseme mashine ni dola 1,000, usafiri wa ndege 120, bima 10. Msingi wa hesabu ni dola 1,130. VAT ya 18% ni dola 203.40. Zuio la 6% ni 67.80. Umefika dola 1,401.20, na bado kuna tozo ndogo za forodha, malipo ya wakala na gharama ya benki kubadilisha fedha. Mwombe wakala akuandikie makisio kamili kabla hujalipa dukani kule. Anayekupa bei kwa kilo tu na kusema "kodi imo humo" akuandikie hilo kwa mkono wake.

Linganisha jumla hiyo na ya njia ya kwanza: mashine iliyotumika, RAM mpya, SSD mpya, betri mpya na kazi ya fundi. Kwa kazi za ofisi na masomo, njia ya kwanza hushinda karibu kila mara. Kwa kadi ya michoro yenye nguvu au MacBook yenye kumbukumbu kubwa, kuagiza kunaanza kuwa na maana, kwa sababu hapo unalipia vile visivyobadilika.

Hatua ya tano: kagua kabla pesa haijatoka

Usikubali kukagua ikiwa kwenye chaja. Chomoa, iwake kwa betri. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha "design capacity" (ujazo wa kiwandani) na "full charge capacity" (ujazo wa sasa). Wa sasa ukibaki chini ya theluthi mbili ya ule wa kiwandani, dai betri nyingine au punguzo la thamani yake.

Zima, washa, ingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows. Ikikuomba nywila, iache hapohapo hata bei ikiwa tamu; kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi ni balaa kuiondoa. Angalia pia kama kuna Computrace au Absolute iliyowashwa, mfumo wa kufuatilia na kufunga mashine kutoka mbali. Mashine za mashirika zinaweza kuwa bado zimesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani, na utalijua hilo kwa kuanzisha Windows upya ikiwa na intaneti: ikikukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya Ulaya, bado ni ya kwao. Kwa MacBook, ifute mbele yako na uisanidi mpaka mwisho, kwa intaneti ya simu yako.

Diski ipimwe kwa CrystalDiskInfo, ambayo huonyesha afya na saa ilizofanya kazi. "Mpya" yenye saa elfu nne si mpya. SSD za bei ya ajabu huweza kudanganya ukubwa wake; H2testw huijaza na kuisoma upya, na feki hujulikana hapo. Haya huchukua muda, na muuzaji ataanza kuangalia saa. Mwambie utarudi kesho asubuhi ikiwa hana nafasi, uone nafasi inavyopatikana.

Mengine ni ya haraka: kila kitufe cha kibodi, kamera, spika, kila mlango wa USB, Wi-Fi, na kioo kikiwa cheupe kote ili kuona madoa.

Hatua ya sita: karatasi na malipo

Risiti iwe ya EFRIS, ile ya mfumo wa URA yenye msimbo wa QR. Iandikwe modeli, namba ya mashine, prosesa, RAM, diski, na muda wa dhamana. "Laptop moja, HP" haikusaidii lolote. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na maelezo yasiyoandikwa ni maneno ya kaunta. Namba ya mashine iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ujue kama dhamana ya kiwanda bado ipo na inatumika nchi gani.

Ukilipa kwa simu, kubalianeni kwanza nani anabeba gharama ya kutoa. Serikali hukata asilimia 0.5 ya fedha inayotolewa, juu ya makato ya mtandao, ndiyo maana utasikia "weka na ya kutolea". Kwa mamilioni kadhaa inaonekana. Uhamisho wa benki unaweza kuwa nafuu. Kwa muuzaji uliyemkuta kwenye matangazo ya mtandaoni, kutana naye dukani kwake au ndani ya jengo la maduka mchana, na usitume amana ya "kukuwekea".

Vipande vya zamani vilivyotolewa, RAM na SSD, viombe kama hukuvikatia bei. Kwa mashine mpya vitunze nyumbani kwenye mfuko wake, kwa sababu ukipeleka mashine kwenye dhamana wakala anaweza kuitaka ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Halafu wiki ya kwanza itumie kwa fujo: hariri video ndefu, jaza RAM, iache iwake usiku kucha ikipakua mafaili. Kasoro nyingi za RAM iliyochomekwa vibaya hujitokeza siku hizo, na fundi aliyekuwekea bado anakukumbuka sura.